Ijue Mashine ya Kufyeka Nyasi Kabla Hujavuta Kamba

Nina hakika hakuna hata mmoja miongoni mwetu asiyelijua fyekeo, au slasha kama wengi wetu tunavyoliita. Ukichelewa gwaride la asubuhi, fyekeo. Ukipatikana ukizungumza sheng siku ya Kiswahili, fyekeo. Kelele za usiku bwenini, fyekeo, tena nyuma ya jikoni ambako nyasi zimefika magotini na umande haujakauka. Mimi mwenyewe nina sugu mbili kwenye kiganja cha kulia na zote mbili nilizipatia hapa shuleni.

Ndiyo maana siku hizi, kila tunapomwona kijana kando ya barabara amejifunga mkanda begani na kushika ile mashine ndefu inayonguruma, nyasi zikiruka huku na huko, sote husimama na kumtazama kwa wivu. "Hiyo ndiyo nitanunua nikimaliza Kidato cha Nne," utamsikia mmoja akisema. "Ua moja shilingi mia tano, nyua nne kwa siku, nimeomoka!" Hesabu ni tamu. Lakini kuona si kujua. Mimi nimeishika mashine hiyo, nimeiua, na nimeilipa. Kwa hiyo naomba mnisikilize.

Tuanze na yenyewe. Mashine ninayoizungumzia si ile ya magurudumu inayosukumwa kwenye viwanja vya mpira. Hii ni ya kubebwa. Upande mmoja ina injini ndogo ya petroli, katikati ina bomba refu lenye vishikio viwili, na upande wa chini ina kichwa cha plastiki kinachozunguka. Ndani ya kichwa kumeviringishwa uzi wa nailoni, na ncha mbili za uzi huo hutokeza nje. Hakuna kisu. Waama, watu wengi huniuliza, uzi utakataje nyasi?

Chukua kombeo. Kamba yake ikilala mkononi ni legevu, lakini ukilizungusha kwa kasi hunyooka na kukaza kama chuma. Uzi wa mashine hufanya vivyo hivyo. Injini ikikizungusha kichwa mara 7000 kwa dakika, na ncha ya uzi ikiwa sentimita 20 kutoka katikati, fanya hesabu ya duara kama tulivyofunzwa. Mzunguko mmoja ni kama mita 1.26. Zidisha kwa 7000, unapata zaidi ya mita 8,700 kwa dakika. Hiyo ni kasi ya zaidi ya kilomita 520 kwa saa! Matatu hairuhusiwi kupita kilomita 80. Kwa kasi hiyo uzi haukati kama kisu, bali huuchapa unyasi hadi ukakatika. Na kama unaweza kuuchapa unyasi, jiulize unaweza kukifanyia nini kijiwe. Hapo nitarudi.

Aliyebuni jambo hili ni Mmarekani mmoja kwa jina George Ballas, wa mji wa Houston, Texas, mwaka 1971. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa dansi, mwenye shule ya kufunza watu kucheza. Nyumbani kwake kulikuwa na miti na mashine ya kawaida haikuweza kufikia nyasi zilizoota kwenye mashina. Siku moja alipeleka gari lake kuoshwa, akatazama zile brashi kubwa zinazozunguka, akaona nyuzi zake zinanyooka zikizunguka na kuingia kila pembe bila kuikwaruza rangi. Akarudi nyumbani, akachukua mkebe mtupu, akautoboa, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki kwenye matundu yake, akaufunga kwenye mota. Nyasi zikakatika. Akaiita mashine yake kwa jina lenye maana ya "mla magugu", na mwaka 1977 akaiuza kampuni yake. Alifariki mwaka 2011. Mimi hupenda kisa hiki kwa sababu ya ule mkebe. Ni kazi ambayo fundi yeyote wa Jua Kali angeifanya kabla ya chai ya saa nne.

Sasa tuingie jikoni. Mjomba wangu anakaa Limuru, mahali ambapo mvua ya Aprili ikinyesha nyasi hazilali. Ua wake si mkubwa, hata robo ekari haufiki, lakini umezungukwa na kayaba, na chini ya kayaba ile yenye miiba fyekeo haliingii. Basi akachukua mkopo kwenye chama chao, akashuka Nairobi barabara ya Kirinyaga, akarudi na mashine ndani ya sanduku. Kwa wiki moja hakuna aliyeruhusiwa hata kuigusa. Aliitumia yeye mwenyewe, jioni, huku majirani wakichungulia. Likizo ilipofika nilimbembeleza mpaka akakubali. "Ifanye kazi," akaniambia, "ukipata kibarua cha majirani, nusu ni yako ya karo, nusu ni ya mkopo." Nilifurahi ghaya ya kufurahi.

Kesho yake mjomba alienda kazini. Mimi nikatazama tangi, nikakuta ni tupu. Nikachukua chupa ya soda ya nusu lita, nikamwendea kijana wa bodaboda pale kituoni, akaniuzia petroli safi kutoka kwenye pikipiki yake. Nikaimimina. Nikavuta kamba. Mashine ikaitika! Tena nikaona kama inanguruma vizuri kuliko ya mjomba, kwani haikutoa moshi hata kidogo. Kumbe ule moshi ndio uliokuwa uhai wake.

Nilifyeka kwa jirani wa kwanza kama dakika ishirini. Sauti ikaanza kubadilika, ikawa kama mtu anayekwaruza sufuria kwa kijiko. Halafu ikapiga kelele moja kali, ikanyamaza kimya. Nikavuta kamba, haikuvutika. Injini ilikuwa moto kiasi cha kuchemshia chai, na ilikuwa imenoki.

Wenzangu, hapa ndipo penye kiini cha makala haya, nayo sayansi yake ni rahisi. Injini ya gari, na hata ya bodaboda za siku hizi, ina mahali pake maalumu pa kuwekea oili. Petroli hupita njia yake, oili nayo hukaa chini ikilainisha vyuma. Lakini mashine nyingi za kufyeka, isipokuwa chache, zina injini ya aina nyingine ambayo pistoni yake hufanya kazi yote kwa mapigo mawili tu, kupanda na kushuka. Injini hii haina hifadhi ya oili. Petroli yenyewe hupita ndani ya tumbo la injini kabla ya kuchomwa, na ni lazima iwe imebeba oili ndani yake ili ivipake vyuma njiani. Ukiipa petroli tupu, chuma kinasugua chuma, kinapata moto, kinatanuka, na pistoni inang'ang'ania ndani ya silinda. Hiyo ndiyo kunoki. Pikipiki ile haikuwa na kosa, wala kijana yule hakuwa na kosa. Aliniuzia nilichomwomba. Kosa lilikuwa langu mimi ambaye kitabu cha maelezo kilikuwa mezani na sikukifungua.

Sasa kipimo. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho, na mara nyingi kipimo kimeandikwa hata kwenye kifuniko cha tangi. Mashine nyingi za sasa hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja. Nyingine hutaka 25 kwa moja, yaani mililita 40 kwa lita. Tazama tofauti hiyo, ya pili ni mara mbili ya ya kwanza. Ukizidisha oili, mashine itatoa moshi mzito, plagi itajaa masizi, na utavuta kamba mpaka bega liume. Ukipunguza, yatakupata yaliyonipata. Na oili yenyewe iwe ile ya injini za mapigo mawili, si ile iliyobaki baada ya kubadilisha oili ya gari, jamani! Usikisie kwa macho wala kwa kifuniko cha chupa. Nenda duka la dawa za mifugo, nunua bomba la sindano la mililita 20, lile la kudungia ng'ombe, likae kwa kazi hiyo tu. Changanya kwenye mtungi wa pembeni, utikise, ndipo umimine tangini. Changanya ya kutosha siku chache, kwa maana mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi mmoja huharibika na kuziba kabureta.

Na usimimine petroli injini ikiwa moto. Izime, kaa kitako, kunywa maji, ingoje ipoe. Ukishajaza, funga kifuniko, pangusa iliyomwagika, kisha usogee hatua kadhaa kutoka hapo ulipojazia kabla ya kuvuta kamba. Mvuke wa petroli hauonekani lakini uko.

Fundi alipoifungua mashine ya mjomba, alituonyesha pistoni. Ilikuwa imechanwa michirizi kama ukuta uliokwaruzwa na paka. Pistoni mpya, silinda mpya, na kazi yake juu. Mjomba hakunipiga. Hakunigombeza hata. Alitoa kitabu cha chama akanionyesha tarehe za kulipa mkopo, akakirudisha mfukoni. Afadhali angenipiga! Likizo yote iliyobaki nilifyeka nyua za majirani kwa fyekeo, na likizo ya Agosti pia, shilingi yote ikienda kwa fundi. Karo ya muhula ule mama alijua mwenyewe alivyoitafuta.

Mashine ilipopona, ni mjomba aliyenilazimisha kuishika tena. Nilidhani nimekwisha kuhitimu. La hasha!

Nilisema nitarudi kwenye kijiwe. Siku hiyo nilikuwa nikifyeka kando ya njia ya kuelekea jikoni, mahali palipomwagwa kokoto zamani. Nilikuwa nimevaa gambuti na miwani ya kinga, kwa hiyo nilijiona niko salama. Binamu yangu mdogo, wa darasa la pili, alitumwa kuniita chai. Aliniita mara mbili, sikusikia. Nani atasikia na kelele ile? Akasogea. Nilichosikia mimi ni mlio wa kioo. Kugeuka, namwona amesimama kama mita nne nyuma yangu, amefumba macho, na kioo cha dirisha la jikoni kilicho juu kidogo ya kichwa chake kina tundu na nyufa pande zote. Kijiwe chenyewe tulikiokota kwenye sinki. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya mahindi.

Moyo ulinidunda hadi usiku. Mtoto yule hakuumia, alhamdulillahi, lakini mimi hupima kwa macho nafasi iliyokuwa kati ya jicho lake na kioo kile, nayo ni kiasi cha kiganja changu.

Vitabu vya mashine hizi vinasema mtu yeyote, na mnyama pia, akae umbali wa mita 15. Mita 15 ni mbali kuliko mnavyofikiri. Ni karibu upana wa madarasa mawili yaliyopangwa ubavu kwa ubavu. Sisi sasa tuna desturi moja. Kabla ya kuwasha, mtu mmoja hupita akiokota kokoto, mifupa, vipande vya waya, na vizibo vya soda. Watoto huingia ndani. Na anayetaka kuniita haji nyuma yangu, huzunguka hadi mbele mahali ninapoweza kumwona, akapunga mkono kutoka mbali, nami nikazima kwanza. Ile kinga ya plastiki juu ya kichwa, ambayo vijana wengi huing'oa ati inazuia nyasi kutoka, isitolewe kamwe. Miwani ya jua si miwani ya kinga. Na masikio pia yazibwe, kwani wataalamu huonya kuhusu kelele inayozidi desibeli 85 kwa saa nyingi, na mashine hii huupita mpaka huo bila shida. Jioni ya kwanza nilienda kulala masikio yakiimba, na vidole vikifa ganzi kwa mtetemo.

Namna ya kufyeka yenyewe si ngumu. Simama wima, mkanda begani, injini ubavuni. Usiichomeke mashine nyasini kama jembe. Ipeleke upande kwa upande taratibu, ncha ya uzi tu ndiyo iguse nyasi. Zikiwa ndefu, kata juu kwanza, kisha urudie chini. Uzi ukiisha, kwenye mashine nyingi unagonga kichwa chini polepole kikiwa kinazunguka, uzi mwingine unatoka. Sio kupiga kama unaponda chawa! Nyasi za kikuyu ndizo kiboko, kwa sababu hutambaa na kujiviringisha kwenye shingo ya mashine. Zikishanasa, zima kabisa kabla ya kuingiza mkono. Tena uzi wa nailoni ukikaa juani kabatini miezi mingi hukauka na kukatikakatika. Uloweke majini usiku mmoja, utaona umelegea na kuwa mgumu kukatika. Nailoni hunywa maji, na maji huilainisha. Jaribuni, walimu wa kemia watawaeleza zaidi.

Jambo jingine ambalo mjomba hajanisamehe hadi leo ni mparachichi wake. Aliupanda mche wa Hass karibu na njia, nami nikazifyeka nyasi zilizouzunguka shina mpaka pakawa safi kama kichwa kilichonyolewa. Nikasifiwa. Baada ya miezi michache majani yakawa manjano, mche ukafa. Uzi ulikuwa umelichuna gome pande zote. Chini ya gome ndipo hupita chakula kinachotoka kwenye majani kwenda mizizini, na ukilikata duara zima, mizizi hufa njaa ingawa mti bado umesimama. Karibu na shina la mche, ng'oa nyasi kwa mkono. Ukiona uvivu, ziache ziote.

Je, kila nyumba inahitaji mashine hii? Mimi nasema hapana, na wauzaji wasinichukie. Ua wa hatua kumi kwa kumi, fyekeo linatosha, na halinywi petroli ambayo bei yake tunaingoja kila tarehe 14 ya mwezi kama matokeo ya mtihani. Mabingobingo ya ng'ombe yakatwe kwa panga. Mashine huyasaga na kuyatupa kila upande, tena vipande vya uzi vikabaki ndani ya lishe, na ng'ombe hajui nailoni ni nini. Vipande hivyo haviozi. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na sisi tunanyunyiza plastiki mpya uani kidogokidogo. Hili sina dawa yake, ila kuokota vipande ninavyoviona. Halafu kuna moshi. Injini ya mapigo mawili hutoa nje sehemu ya petroli kabla haijaungua, ndiyo maana nguo zako hunuka hata baada ya kufuliwa. Jimbo la California kule Marekani lilipitisha sheria mwaka 2021, na kuanzia 2024 mashine mpya ndogo za aina hii zinazotoa moshi zilizuiwa kutengenezwa kwa ajili ya soko lake. Za betri zipo, tena ni kimya, ila betri moja haitakufikisha mbali ukiwa na kazi ya nyua nne kwa siku.

Lakini mahali penye mteremko, mtaro, ua la miiba, makaburi, au kona za nyumba, mashine hii haina mpinzani. Kazi iliyonichukua siku mbili chini ya kayaba ya mjomba, mashine iliimaliza kwa saa moja na nusu. Na kwa anayetaka kibarua baada ya shule, ni kazi halali. Ila katika hesabu yake ya shilingi mia tano mara nne, atoe petroli, atoe oili, atoe uzi, atoe plagi na kichujio cha hewa, atoe siku za mvua, na aweke akiba ya kioo cha dirisha la mtu.

Mashine ya mjomba bado iko hai. Tukimaliza msimu tunamwaga petroli yote, tunaiwasha mpaka ijizime yenyewe ili kabureta ibaki kavu, tunasafisha kichujio kwa maji ya sabuni na kukikausha, kisha tunaitundika kwenye msumari stoo. Kando yake kuna bomba la sindano na mtungi wa lita tano. Juu ya mtungi nimeandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa ambazo hata binamu yangu anaweza kusoma: MILILITA 100 ZA OILI. USIENDE KWA BODABODA.